Nahau na vitenzi vya Kiingereza vinavyomtatiza msemaji wa Kiarabu

Na Mwandishi Wetu

MSEMAJI wa Kiarabu anayejifunza Kiingereza hufika mahali ambapo anafahamu kila neno lililomo katika sentensi, lakini maana ya sentensi yenyewe inampita. Anajua kwamba “put” ni kuweka, “up” ni juu na “with” ni pamoja na. Akiambiwa kuwa jirani “cannot put up with the noise”, anatafuta kitu kilichowekwa juu asikione. Maana yake ni kwamba jirani hawezi kuvumilia kelele.

Tatizo hilo huwapata wanafunzi wa Kiingereza duniani kote, lakini kwa Waarabu lina uzito wa pekee. Kuanzia Kuwait hadi Muscat, Kiingereza hutumika kila siku katika hospitali, viwanja vya ndege, mahoteli na kampuni za mafuta. Vyuo vikuu vingi vya nchi za Kiarabu hufundisha udaktari kwa Kiingereza au Kifaransa. Damascus, ambako masomo hayo yamefundishwa kwa Kiarabu tangu mwaka 1919, ni mfano wa wachache waliochukua njia nyingine.

Katika wodi, muuguzi anayeambiwa kwamba mgonjwa “passed out” anaweza kudhani kuwa mgonjwa alipita akatoka nje, kumbe alizimia. “Throw up” haina uhusiano na kurusha kitu juu, ni kutapika. “Come round” ni kuzinduka baada ya kuzimia au baada ya dawa ya usingizi. Yote matatu ni maneno ambayo mgonjwa au ndugu yake huyatamka bila kufikiri kwamba yana ugumu wowote.

Jambo hili linawagusa pia wasemaji wa Kiswahili. Watanzania, Wakenya na Waganda wanaofanya kazi katika miji ya Ghuba mara nyingi hukutana na mwajiri wa Kiarabu kwa njia ya Kiingereza, lugha ambayo si ya huyu wala si ya yule. Agizo la “turn down” likichukuliwa kuwa ni “turn off”, mashine iliyotakiwa kupunguzwa nguvu huzimwa kabisa. Aidha, kwa kuwa Kiswahili kimechota maneno mengi kutoka Kiarabu, msomaji wa Kiswahili ana ufunguo mzuri wa kuelewa kinachomkwaza Mwarabu.

Vitenzi ambatani ni nini?

Vitenzi vinavyozungumziwa hapa ni vile vinavyoundwa na kitenzi cha kawaida pamoja na kineno kimoja au viwili, kama “up”, “off”, “out” au “on”, na vikishaungana vinazaa maana mpya. “Give” ni kutoa, lakini “give up” ni kukata tamaa au kuacha jambo. “Look” ni kutazama, lakini “look after” ni kutunza, na “look into” ni kuchunguza.

Ugumu wake ulitambuliwa zamani. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake maarufu ya Kiingereza iliyotoka London mwaka 1755, alieleza kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na vineno vidogo ndivyo vinavyowasumbua wageni mno, na akasema amejitahidi kuvikusanya. Jina ambalo Waingereza wenyewe hulitumia kwa vitenzi hivyo lilienea baada ya mwaka 1925, Logan Pearsall Smith alipochapisha kitabu chake kuhusu maneno na nahau. Smith alieleza kuwa jina hilo alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Chanzo chake ni historia. Kiingereza ni lugha ya jamii moja na Kijerumani na Kiholanzi, nazo huunganisha vitenzi na vineno kwa namna hiyo. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini yaliingia na kukaa juu ya yale ya asili. Ndiyo sababu Kiingereza mara nyingi kina maneno mawili kwa jambo moja: “put out” na “extinguish” kwa kuzima moto, “put off” na “postpone” kwa kuahirisha, “find out” na “discover” kwa kugundua.

Neno la asili hutumika nyumbani, sokoni na kazini. Lile lililotoka Kilatini hutumika vitabuni na katika barua rasmi. Mwanafunzi wa Kiarabu aliyejifunzia kitabuni huwa analijua la pili, ilhali watu anaokutana nao hutumia la kwanza.

Kiarabu huweka maana ndani ya neno

Kiarabu hujenga maneno kwa mzizi, ambao kwa kawaida una konsonanti tatu. Mzizi hubaki, na umbo linaloujaza ndilo hubadilika. Msomaji wa Kiswahili anayo mifano midomoni mwake bila kujua: kitabu, katibu na maktaba vyote vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wa kuandika. Elimu, mwalimu, maalumu na taaluma navyo vimetoka katika mzizi mmoja wa kujua.

Vitenzi vya Kiarabu hufuata mpango huo huo. “Kharaja” ni kutoka. Ukiongeza sauti mwanzoni unapata “akhraja”, yaani kutoa. Ukilibadilisha tena unapata “takharraja”, yaani kuhitimu masomo, kisha “istakhraja”, yaani kuchimbua au kutoa kitu kilichomo ndani ya kingine, kama mafuta ardhini. Hakuna neno la pembeni lililoongezwa. Kazi yote imefanyika ndani ya kitenzi.

Kiswahili kinafanana na Kiarabu katika hilo, ingawa chenyewe hupachika viambishi mwishoni: toka, toa, tolea, toana. Mswahili anayesema “kalia” haongezi neno jingine baada ya “kaa”. Kwa hiyo Mwarabu na Mswahili wote wawili hutazamia kukuta maana ndani ya kitenzi, na Kiingereza huwashangaza kwa kuining’iniza nje.

Hali hiyo huonekana hata katika kutumia kamusi. Mwarabu amezoea kamusi za lugha yake zilizopangwa kwa mizizi, ambamo ndugu wote wa neno hukaa pamoja. Akifungua kamusi ya Kiingereza na Kiarabu, kama Al-Mawrid ya Munir Baalbaki iliyotoka Beirut mara ya kwanza mwaka 1967, na akatafuta kitenzi kifupi kama “put”, “get” au “take”, hukuta maana nyingi zilizofuatana na hana budi kujua kwanza kineno anachokitafuta.

Vihusishi vya Kiarabu na tofauti yake

Si kweli, hata hivyo, kwamba Kiarabu hakina kabisa vitenzi vinavyogeuzwa na neno dogo. Kipo kitenzi “raghiba”. Kikifuatwa na “fi”, maana yake ni kutaka jambo. Kikifuatwa na “an”, maana hugeuka juu chini ikawa ni kulichukia jambo hilo na kuliepuka.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na Waswahili, kwa kuwa neno dua limetokana nao. “Daa” ikifuatwa na “li” ni kumwombea mtu heri. Ikifuatwa na “ala” ni kumwapiza. “Qama” ni kusimama, lakini “qama bi” ni kutekeleza jambo. Mwalimu anayewafundisha Waarabu anaweza kuanzia hapo, kwa sababu mwanafunzi anaona kuwa lugha yake nayo hufanya hivyo.

Tofauti iko katika mambo mawili. Kwanza, kihusishi cha Kiarabu hakisimami peke yake. Lazima kifuatwe na jina au kiwakilishi. Kiingereza huweza kumalizia sentensi kwa kineno kitupu, kama “the plane took off” au “she gave up”. Kwa sikio la Mwarabu, sentensi hiyo ni kama imekatwa kabla ya kufika mwisho, naye hungoja neno ambalo haliji.

Pili, kineno cha Kiingereza huhama. Mtu anaweza kusema “turn off the light” au “turn the light off”, na zote ni sahihi kwa kuzima taa. Lakini taa ikishatajwa kwa kiwakilishi, ni lazima kusema “turn it off”. “Turn off it” ni kosa. Kanuni hiyo haina mwenzake katika Kiarabu, na mwanafunzi hana pa kuishikiza.

Wanaokwepa

Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wengi huvikwepa vitenzi hivyo. Mwaka 1985, watafiti Menachem Dagut na Batia Laufer walichapisha utafiti uliohusu wasemaji wa Kiebrania, lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu. Waligundua kwamba wanafunzi walipendelea kitenzi cha neno moja kuliko cha maneno mawili, na waliepuka zaidi vile ambavyo maana yake haikisiki kutokana na sehemu zake.

Mwaka 1989, Jan Hulstijn na Elaine Marchena waliwachunguza Waholanzi, ambao lugha yao ina vitenzi vya namna hiyo. Hao hawakuvikwepa kwa jumla. Waliepuka baadhi tu, vikiwemo vile vilivyofanana mno na vya kwao, wakihofia kwamba huenda ni mtego.

Kukwepa si kosa la sarufi, na mtihani hauwezi kulikamata kwa urahisi. Hasara yake huonekana mitaani. Anayesema “extinguish the cigarette” ataeleweka, lakini akijibiwa “I’ve just put it out” huenda asielewe. Mtu anaweza kukwepa kusema, lakini hawezi kukwepa kusikia.

Vineno na mwelekeo wake

Vineno havikuwekwa ovyo. Vingi vina mwelekeo wa maana unaojirudia, na kuujua kunapunguza mzigo.

“Up” mara nyingi huonyesha ukamilifu: “eat up” ni kula chote, “use up” ni kutumia hadi kikaisha. “Off” huonyesha kutengana au kukatika: “take off” ni kuvua nguo au ndege kuruka, “cut off” ni kukata, “call off” ni kufuta jambo lililopangwa. “Out” huonyesha kutokea hadharani au kwisha: “find out” ni kugundua, “run out of” ni kuishiwa. “On” huonyesha kuendelea: “go on”, “carry on” na “keep on” zote zinaweza kuwa na maana ya kuendelea. “Down” huonyesha kupungua: “slow down” ni kupunguza mwendo, “calm down” ni kutulia, “cut down” ni kupunguza matumizi.

Mwelekeo huo una mipaka yake. Kujaza fomu ni “fill in” na pia “fill out”, ingawa “in” ni ndani na “out” ni nje. Nyumba inayoungua “burns down”, na karatasi inayoungua “burns up”. “Make up” peke yake ni kubuni uongo, kupatana baada ya ugomvi, kuunda jumla ya kitu, au kujipamba uso. Hapo sentensi nzima ndiyo huamua.

Baadhi ya vitenzi vinavyohitajika mapema, pamoja na wenzake wa Kiarabu na Kiswahili, ni hivi:

“Put off”: kwa Kiarabu “ajjala”, kwa Kiswahili kuahirisha.

“Put out”: “atfaa”, kuzima moto au sigara.

“Give in”: “istaslama”, kusalimu amri.

“Look for”: “bahatha an”, kutafuta.

“Look after”: “itana bi”, kutunza.

“Carry out”: “naffadha”, kutekeleza.

“Find out”: “iktashafa”, kugundua.

“Call off”: “algha”, kufuta mkutano au safari.

“Put up with”: “tahammala”, kuvumilia au kustahimili.

Orodha hiyo inaonyesha kwamba, isipokuwa mara chache, Kiarabu na Kiswahili hutumia neno moja pale ambapo Kiingereza hutumia mawili au matatu.

Mwanafunzi hapaswi kukata tamaa kwa kuona kamusi nzima za vitenzi hivyo. Dee Gardner na Mark Davies wa Marekani walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa British National Corpus, hazina ya maandishi na mazungumzo yenye maneno yapatayo milioni 100. Walibaini kuwa vitenzi 20 tu, vikiunganishwa na vineno 8, hutoa zaidi ya nusu ya matukio yote ya vitenzi ambatani yaliyohesabiwa humo. Kwa upande wa pili, vitenzi ambatani 100 vinavyotumika zaidi vilikuwa na maana 559, wastani wa zaidi ya tano kwa kila kimoja. Hivyo vinavyohitajika sana ni vichache, ila kila kimoja kina maana kadhaa.

Nahau: picha zinazofanana na zinazopishana

Neno nahau lenyewe limetoka Kiarabu, ambako “nahw” ni sarufi. Nahau kwa maana ya msemo wenye picha zimejaa katika Kiarabu, na zimehifadhiwa kwa karne nyingi. Al-Maydani wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1124, aliacha mkusanyo mkubwa wa misemo na methali ambao hurejewa hadi leo.

Humo imo habari ya Bedui aliyebishana bei ya viatu na fundi aitwaye Hunayn, kisha akaondoka bila kununua. Fundi alimtangulia njiani, akaweka kiatu kimoja, na mbele zaidi akaweka cha pili. Bedui alikiona cha kwanza akakiacha. Alipokiona cha pili alimwacha ngamia wake akarudi kuchukua cha kwanza, na Hunayn akaondoka na ngamia. Tangu hapo, aliyetoka kapa husemwa kuwa “amerudi na viatu vya Hunayn”. Mwingereza husema “empty-handed”, naye Mswahili husema mikono mitupu.

Kwa mwanafunzi, nahau zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile zinazofanana. Mwingereza husema ndege mmoja mkononi anawashinda wawili kichakani, Mwarabu husema anawashinda kumi mtini. Mswahili ana picha yake, usiache mbachao kwa msala upitao, lakini onyo ni lile lile. Mtu anayezama hushika unyasi kwa Kiarabu na kwa Kiingereza pia. Hizo Mwarabu huzijua mara moja.

Fungu la pili ni zile ambazo maana ni moja lakini picha ni tofauti. Mvua kubwa kwa Kiingereza ni ya paka na mbwa. Kwa Kiarabu hunyesha kama midomo ya “qirab”, yaani viriba vya maji, neno ambalo Kiswahili kimelirithi. Kupeleka kitu mahali ambapo tayari kimejaa ni kupeleka makaa Newcastle, mji wa Uingereza uliosifika kwa biashara ya makaa ya mawe. Mwarabu husema ni kama mfanyabiashara wa tende aliyezipeleka Hajar, eneo la mashariki mwa Bara Arabu lililosifika kwa mitende. Jambo lisilotarajiwa kamwe kwa Mwingereza litatokea nguruwe wakiruka angani. Kwa Mmisri litatokea “bukra fil mishmish”, yaani kesho wakati wa aprikoti, tunda ambalo msimu wake ni mfupi mno.

Hapo ndipo mazingira yanapoonekana. Kiingereza, lugha iliyozaliwa kwenye baridi, hupongeza jambo kwa kusema limeupa moyo joto. Kiarabu husema “athlaja sadri”, yaani limenitia theluji kifuani. Mwarabu anayetafsiri neno kwa neno atamfanya Mwingereza adhani kuwa habari njema zimemhuzunisha. Mswahili, ambaye moyo wake hupozwa na roho yake huburudika, yuko upande wa Mwarabu.

Fungu la tatu ndilo la hatari zaidi, nalo ni la picha zinazofanana lakini maana zimeachana. Mwingereza anayemvuta mtu mguu, “pull someone’s leg”, anamtania. Katika Kiarabu cha mazungumzo, hasa cha Misri, kumvuta mtu mguu ni kumrubuni hadi aingie katika jambo. Anayesikia maneno hayo anaweza kudhani anatuhumiwa kwa hila, kumbe anachekewa. Nahau ngeni kabisa humlazimu mtu kuuliza. Iliyofanana na ya kwao humpa jibu lisilo sahihi, naye haulizi.

Safari ya pande mbili

Nahau huvuka mipaka. Magazeti ya Kiarabu yameazima picha nyingi za Ulaya hata wasomaji wengi hawazioni tena kuwa ngeni: kucheza dhima, kuvunja barafu, machozi ya mamba, kuua kwa damu baridi, vita baridi. Kuosha fedha haramu ni “ghasl al-amwal”, na Kiswahili nacho kimechukua picha hiyo hiyo kwa kusema kutakatisha fedha.

Kiarabu nacho kimeipa Kiingereza. Kwa Waarabu, “umm”, yaani mama, huonyesha kilicho kikuu kati ya vya aina yake. Makka huitwa Umm al-Qura, mama wa miji. Januari 1991, Rais Saddam Hussein wa Iraki aliviita vita vilivyokuwa vikianza “umm al-maarik”, mama wa mapigano yote. Kiingereza kiliidaka tafsiri yake, na tangu hapo watu huzungumza juu ya mama wa foleni zote au mama wa dhoruba zote. Chama cha lahaja cha Marekani, American Dialect Society, kiliuteua msemo huo kuwa neno la mwaka 1991.

Mahali pa kusemea

Kujua maana hakutoshi bila kujua mahali pa kusemea. “Kick the bucket” ni kufa, na kamusi fupi zinaweza kuishia hapo. Lakini ni msemo wa mzaha. Mwarabu akiambiwa tu kuwa ni kufa, anaweza kuutumia mbele ya wafiwa, na ingekuwa kama kumwambia Mswahili msibani kwamba marehemu amekata kamba. Kiarabu husema marehemu amehamia kwenye rehema ya Mwenyezi Mungu, na Kiswahili husema amefariki, neno lililotokana na la Kiarabu la kuachana. Mwenzake wa Kiingereza ni “pass away”.

Pale ambapo maisha ya watu yako hatarini, wasemaji wa Kiingereza wenyewe wamelazimika kuweka nahau kando. Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, na watu 583 walifariki. Ukungu ulikuwa mzito na mambo kadhaa yalichangia. Mojawapo ni maneno ya redio kutoka ndege ya Waholanzi, “we are now at take-off”. Mwongoza ndege aliyachukua kuwa ndege imesimama tayari kuruka, ilhali ilikwishaanza kukimbia bila ruhusa. Baada ya hapo utaratibu ulibadilishwa, na maneno “take-off” yakaachiwa wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina ngazi sita za kupima Kiingereza cha marubani na waongoza ndege, na ngazi ya nne ndiyo ya chini inayoruhusiwa kwa safari za kimataifa. Ngazi hiyo haidai nahau. Matumizi ya nahau hutajwa katika ngazi za juu. Vilevile, Kiingereza rahisi kilichowekwa kwa ajili ya vitabu vya matengenezo ya ndege, kijulikanacho kama ASD-STE100, kina kanuni inayokataza kuunda vitenzi ambatani, ili fundi wa nchi yoyote asome agizo na kupata maana moja tu.

Namna ya kujifunza

Kwa msemaji wa Kiarabu, hatua ya kwanza ni kuacha kutafsiri kineno peke yake. Kitenzi na kineno chake huandikwa daftarini kama neno moja, pamoja na sentensi kamili, na kando yake huwekwa kitenzi kimoja cha Kiarabu chenye maana hiyo.

Hatua ya pili ni kuanza na vinavyotumika zaidi na kuvipanga kwa vineno. Kamusi ya COBUILD ya vitenzi ambatani, iliyotoka mwaka 1989, iliweka faharasa ya vineno na maana zake kwa ajili hiyo. Mwanafunzi anayekusanya vitenzi vya “off” pamoja huona mwelekeo wa kutengana ambao hauonekani akivikusanya kwa herufi.

Hatua ya tatu ni kuigawa kila nahau mpya katika mafungu yaliyotajwa: inayofanana, yenye picha tofauti, na inayofanana kwa sura tu. Ya mwisho iandikwe kwa wino mwekundu. Hatua ya nne ni kuandika kando ya kila msemo mahali unapofaa: ofisini, nyumbani, kwa rafiki, au kusikia tu bila kuutamka.

Wajibu, hata hivyo, haumwelemei mwanafunzi peke yake. Daktari, msimamizi wa hoteli au mkuu wa karakana anayetoa maagizo kwa Kiingereza kwa watu wa lugha mbalimbali anaweza kusema “faint” badala ya “pass out”, na “stop the machine” badala ya maneno mengine yenye mafumbo. Anayepokea agizo naye anaweza kulirudia kwa maneno yake kabla ya kugusa swichi, kama marubani wanavyorudia maagizo ya mnara.

Desturi hiyo inawafaa Waarabu na Waswahili wanaofanya kazi pamoja katika Ghuba. Huko Omani, ambako historia ya Zanzibar imeacha raia wengi wanaozungumza Kiswahili, baadhi yao wanaweza hata kukiweka Kiingereza kando na kuelewana kwa lugha ya tatu. Kwa wengine wote, kuuliza “una maana gani?” kabla ya kutenda kunabaki kuwa njia salama.